Vyungu Mlangoni kwa Jumbe

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa kijito!

Pakawa kiu!

Hapo zamani za kale palikuwa na mjane, jina lake Mize, na mtoto wake mmoja, Sanura. Walikaa bondeni, wakinywa maji ya kijito. Juu mlimani alikaa Jumbe Mbwereza, tajiri wa ngozi. Aliziloweka ngozi kwenye mashimo ya chokaa, kisha uozo wote akaufungulia kijitoni. Yeye mwenyewe alikunywa maji ya chemchemi, uani kwake. Mnasikia? Ya chemchemi!

Sanura akaumwa tumbo, akatapika, akalegea.

Mize akapanda mlima. "Jumbe, maji yananuka."

"Yaacheni yatuame."

Wakayatuamisha. Yakanuka.

Akapanda tena. "Jumbe, bado."

"Yachujeni kwa nguo."

Wakayachuja kwa kanga mpya. Yakanuka.

Akapanda mara ya tatu, Sanura mgongoni. "Jumbe, mtoto anakufa!"

"Wanawake nyie! Si myachemshe?"

Mize akawaza. Vijidudu vitakufa, haya. Na chokaa je, itakwenda wapi? Akateremka, akawakusanya wenzake.

Siku ya posa ya binti wa Jumbe, wageni walikuta vyungu vimepangwa mlangoni, moto unawaka, maji yanatokota. Mvuke ukajaa sebuleni. Watu wakaziba pua.

"Mnafanya nini hapa?" Jumbe akafoka.

"Tunachemsha," akasema Mize, Sanura mgongoni. "Si ulituamuru? Kuni zimetuishia, tumekuja kwako."

Mshenga akauliza, "Mama, ni mzoga gani huo?"

"Si mzoga, baba. Ni maji yetu ya kunywa. Tunaletewa na huyu." Akamtekea kikombe. "Karibu."

Mshenga akakitazama kikombe. Akamtazama Sanura. Akachukua fimbo yake.

"Jumbe, hapa hatuoi."

Jua halijazama, Jumbe alikuwa anafukia mashimo kwa mikono yake. Mengine akayachimba mbali, kwenye nchi kavu. Chemchemi wakaifungua wanawake wenyewe, hawakuomba ruhusa. Waliteka, wakachemsha, wakafunika mitungi, mpaka Sanura akainuka akaomba uji.

Ndipo Jumbe akateremka bondeni, kifua mbele. "Nimewasafishia maji. Mbona hata ahsante sisikii?"

Mize akaweka mtungi chini.

"Umenikanyaga shingo, Jumbe. Leo umeondoa mguu. Nikushukuru?"

Hadithi yangu imekomea hapo. Utamu wake gawaneni. Uchungu wake mpelekeeni anayekaa juu ya mto wenu.