Goti la Malkia Ermesinda

"Aliyeapa hadharani huombwa hadharani." Mmenisikia nikimwambia hivyo mjomba wenu asubuhi, nanyi mmetaka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Kaeni basi. Yalizaliwa hivi, kama shangazi yangu alivyonisimulia.

Zamani za ngome na mapanga, Uingereza ilikuwa na mfalme aliyeitwa Osmer. Mkewe, Ermesinda, alitoka ng'ambo ya bahari. Aliozwa ili vita viishe kati ya baba yake na Osmer, wala hakuna aliyemuuliza kama anataka. Kiingereza chake kilikuwa kizito, na wakuu wa baraza walikuwa wakimwigiza mezani na kucheka. Naye, binti wa mfalme, akaazimia kutowapa watu wale sababu nyingine ya kumcheka.

Rafiki yake alikuwa mmoja tu: Mildreda, mama aliyemnyonyesha mtoto wa malkia. Mwaka mmoja mvua iliozesha ngano mashambani. Wulmar, mume wa Mildreda, akaingia msitu wa mfalme akaua kulungu ili watoto wapate kula. Katika nchi ile, kulungu wa mfalme alikuwa na thamani kuliko mtu! Wulmar akakamatwa. Osmer akaweka mkono juu ya upanga mbele ya wakuu wake wote, akaapa: "Ijumaa atanyongwa."

Malkia akamfuata mumewe chumbani. "Bwana wangu, nipe uhai wa mtu yule."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Ningekuwa sitaki, ningekula nikashiba; tangu niape, chakula hakinishuki. Nimeapa mbele ya watu. Nikibadili neno kwa kunong'onezwa na mke, kesho watasema ufalme unaendeshwa kutoka kitandani."

Ermesinda akatoka amekunja uso. "Nimeomba, amekataa," akamwambia Mildreda.

"Umeombea wapi, bibi yangu?"

"Chumbani."

Mildreda, mtoto yuko titini, akatikisa kichwa. "Sasa hapo umemwomba nani? Chumbani yuko mumeo tu. Aliyeapa ni mfalme, na mfalme yuko barazani. Huku kwetu malkia hupiga magoti mbele ya wakuu, ndipo mfalme apate njia ya kurudi nyuma bila aibu."

"Mbele ya wale wanaonicheka?"

"Wale wale. Ningepiga mimi, lakini goti langu halina uzito. Nami sina mume mwingine."

Ijumaa baraza lilipojaa, Ermesinda akaingia bila taji, akapiga magoti juu ya mawe. Akaomba kwa Kiingereza chake kile kile. Akakosea neno, na Bwana Thurkil, mkubwa wa wachekaji, akaangua kicheko. Machozi ya hasira yakamlenga malkia. Hakuinuka. Alirudia ombi lake tangu mwanzo, polepole.

Mfalme akanyamaza. Akazidi kunyamaza, hata kicheko kikakauka, hata watu wakaanza kutazama sakafu. Mwishowe Thurkil mwenyewe akasema, "Bwana wetu, mwinue mkeo. Hatuwezi kutazama zaidi."

"Mmemsikia?" mfalme akauliza. "Si mimi niliyesema."

Akashuka kitini, akamshika mkewe mkono, na Wulmar akafunguliwa mbele ya macho ya wote.

Wapo wanaosema kwamba malkia alidhalilika siku ile. Mimi nawakatalia. Baraza zima lilikuwa na wanaume wenye panga, na hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kumtua mfalme kiapo chake. Aliyeweza alikuwa chini, magotini.

Magoti hayo yalivimba siku tisa. Mildreda alikuwa akiyakanda kwa maji ya moto, akamuuliza, "Walipokucheka, bibi yangu, mbona hukuondoka ukaenda kumbembeleza tena ndani?"

Malkia akamjibu kwa Kiingereza chake kizito, na safari hii hakuna aliyecheka:

"Aliyeapa hadharani huombwa hadharani."