Nusu ya Ndala kwenye Mtumbwi Wetu

Hapo zamani za kale, nyinyi hamjazaliwa na mama zenu hawajaota hata jino... Haya, kaeni. Kaeni chini nimesema! Mmerudi kutoka mwaloni, huko mitumbwi inakotia nanga, mnalia, makamasi yanawatiririka, eti watoto wa Kenge wamewacheka kwa sababu mtumbwi wetu umechorwa nusu ya ndala. Wenzenu wana jua, wana jino, wana mwezi. Sisi ndala, tena ya kukatwa.

Nitawaambia kwa nini. Hadithi hii siipendi. Nikifika mahali nikanyamaza, msinisukume.

Basi, zamani hizo mwalo wetu haukuwa na alama yoyote. Mitumbwi yote ilifanana, maboya ya nyavu yote yalifanana. Kila asubuhi ni ugomvi.

"Wavu wangu huo!"

"Wako tangu lini? Toa mkono!"

Pu! Ngumi. Paa! Kasia la kichwa.

Bwana Kiboko akachoka. Alikuwa mkubwa na mpole, akitembea ufukweni unasikia ti! ti! ti! Siku moja akasimama mbele ya baraza akasema, "Jamani, tunauana bure. Kila mtu achague alama yake. Aichore mbele ya mtumbwi, kulia na kushoto, na aichore kwenye kila boya la wavu wake. Wavu ukikutwa pabaya, tutajua ni wa nani. Mtumbwi ukipotea, tutajua tuurudishe kwa nani."

Wote wakakubali. Korongo, karani wa mwalo, akaleta kopo la rangi nyeupe. Kiboko akachagua unyayo wake wenye vidole vinne. Mamba, mkuu wa doria, akachagua jino. Nguchiro, mdogo kuliko wote na mwepesi kuliko wote, akaruka juu ya kreti la samaki.

"Mimi nichoreeni nyota! Kubwa! Ionekane mpaka ng'ambo!"

Nguchiro huyo ndiye baba yangu. Ndiyo, babu wa mama zenu. Msinitolee macho.

Kulikuwa na sheria nyingine, ya siku nyingi. Kwenye matete ya ghuba ndiko samaki wetu, sato, wanakozaliana, hivyo hakuna ruhusa ya kutega humo. Wavu ukikutwa kwenye matete unachomwa moto, na mtumbwi wa mwenye wavu unapinduliwa pale mwaloni, kifudifudi, mpaka mvua za mwaka unaofuata. Mtumbwi ukilala kifudifudi, chungu cha nyumba ile nacho kinalala kifudifudi. Mnanielewa?

Baba alikuwa akipita kando ya matete yale na mate yanamtoka. "Samaki wamejaa mle kama maharage chunguni," alikuwa akisema. "Ati tuwaangalie tu!"

Akawaza siku mbili. Siku ya tatu, ndala za mama zikapotea.

"Baba watoto, umeziona ndala zangu?"

"Ndala zipi?"

"Kwani ninazo ngapi? Zile za bluu alizoniachia dada yangu."

"Aa, zitakuwa zimechukuliwa na wimbi. Si ulizivua karibu na maji? Nilikuona kwa macho yangu."

Mama yangu, Bi Siwazuri, akatembea peku mwezi mzima.

Baba alikuwa amezikata ndala zile vipande vya mviringo, kwa kisu, kra, kra, kra, akatoboa katikati, akapata maboya. Juu ya kila boya akachora alama. Nyota? Thubutu! Alichora unyayo wenye vidole vinne. Akayafunga kwenye wavu wa macho madogo, wavu usioacha hata kifaranga, akautega katikati ya matete. Tukala samaki nyumbani mpaka tukaanza kutupa vichwa.

Siku moja Mamba akapita doria kwenye matete, kasia likanasa. "Haa! Nini hiki?" Akavuta. Wavu ukapanda umejaa visato vidogo kama kucha. Akaukokota mpaka mwaloni, akaumwaga chini, pwaa! Watu wote wakakusanyika.

"Alama ya nani hii?" akauliza Mamba.

Watu wakainama kuitazama.

"Nimeuliza, ya nani?"

"Ya... ya Bwana Kiboko," akasema Korongo kwa sauti ndogo.

"Lahaula! Si ndiye aliyetuletea alama?" akamaka mmoja katika umati.

Kiboko akaja, akaokota boya, akaligeuza huku na huku. "Alama ni yangu," akasema. "Wavu si wangu."

"Alama yako, wavu wako," akajibu Mamba. "Ni maneno yako mwenyewe, au si yako?"

"Ni yangu."

Nyuma ya umati, sauti moja nyembamba ikapaa, "Aibu! Wakubwa ndio wanaotumaliza!" Mnaijua sauti hiyo ilikuwa ya nani. Mimi nilikuwa nimeshika mkia wake, nikacheka. Nilidhani baba anasema kweli.

Kiboko angeweza kutukanyaga wote tukawa kitoweo. Hakumkanyaga mtu. Aliuinamia mtumbwi wake akaupindua mwenyewe, maana hakukuwa na mwingine mwenye nguvu za kuupindua. Halafu akaingia majini, akazama, yakabaki macho na masikio tu. Tangu siku hiyo hakutoka mchana. Alingoja giza ndipo apande kula majani, asionekane na mtu. Ukoo wake umezoea hivyo mpaka leo, na kila nikiwaona mchana wamezama hivyo, roho inanisuta.

Ngojeni ninywe maji.

Baada ya wiki, baba alikuwa ameshatega wavu mwingine kwenye matete yale yale. Akajaza bakuli samaki, akanipa. "Mpelekee mama Kiboko. Mwambie baba anawapa pole."

Nikapeleka. Watoto wa Kiboko walikuwa wamekaa mlangoni, wakubwa hivyo, wamenyamaza kwa njaa. Mama Kiboko akalipokea bakuli kwa mikono miwili. "Mwambie baba yako ahsante," akasema. "Kijiji kizima, yeye peke yake ndiye aliyetukumbuka." Nikarudi nyumbani nikiringa.

Sasa, wavu ule ulichomwa, lakini maboya Korongo aliyaacha. "Chukueni, watoto, mchezee." Mimi nikachukua matano nikatengeneza gari la kopo, manne magurudumu, la tano usukani. Nikawa naliendesha uani, vuuum! vuuum! Mama alikuwa anafagia. Akasimama.

"Hebu lete hapa."

Akang'oa gurudumu moja. Akang'oa la pili na la tatu. Akayaweka chini, akayapanga: kisigino hiki, hiki kinafuata, katikati hapa, vidole havipo. Nusu ya ndala ya bluu. Kwenye kisigino palikuwa na doa jeusi, pale kaa la moto lilipoangukia mama akipika mwaka juzi. Halafu akavigeuza vile vipande, akauona unyayo wenye vidole vinne. Ufagio ukamponyoka.

"Nguchiro!"

Baba akatoka anafuta mdomo. "Naam, mke wangu."

"Wimbi lilichukua ndala zangu?"

"Mke wangu, duniani ndala za bluu ni nyingi."

"Zenye alama ya kaa la jiko langu?"

Baba akanitazama mimi, akalitazama gari. "Siwazuri, nyamaza, nakuomba. Tutachekwa. Watoto wetu watafichwa wapi?"

"Watoto wa Kiboko wamefichwa wapi?" Mama alikuwa analia, lakini sauti haikutikisika. "Umenifanya nile aibu ya watu na kuomba niongezewe. Twende mwaloni. Utasema wewe, usiposema nitasema mimi."

Wakaondoka, baba mbele, mama nyuma peku, mimi na gari langu bovu. Mwaloni watu walikuwa wanaanika dagaa. Mnadhani baba alikata tamaa? Wapi! Alijaribu hila ya mwisho.

"Ndugu zangu," akaanza, "nimefanya uchunguzi mkali, nimegundua kwamba Kicheche..."

"Ehem!" mama akakohoa.

Mkia wa baba ukashuka mpaka mchangani. "Ni mimi," akasema. "Wavu ule ni wangu. Alama ya Bwana Kiboko niliichora mimi."

Hakuna aliyepiga kelele. Heri wangepiga kelele. Korongo alitazama pembeni. Mamba alifungua kinywa kumla baba mzima mzima, mara maji yakafunguka, shaaa! Kiboko akatoka mchana kweupe. Akasimama mbele ya baba, ti, ti, akauliza jambo moja tu.

"Wale samaki mliowaletea wanangu. Walitoka wapi?"

Nikajibu mimi, kwa kuwa nilikuwa sijui kunyamaza: "Kwenye matete, Bwana Kiboko."

Kiboko akanitazama. Hakukasirika. Akaenda akaupindua mtumbwi wake ukasimama sawa, akausukuma majini, akatafuta kasia. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Baraza likaamua mtumbwi wetu ulale kifudifudi mwaka mzima, na nyota ifutwe. Korongo akashika brashi. "Sasa alama yake iwe nini?"

Mama akavitoa vile vipande vitatu, akavipanga juu ya mchanga mbele ya watu wote. "Mchoreeni hii."

"Mpaka lini, Bi Siwazuri?"

"Mpaka vitukuu watakapouliza."

Ndiyo leo mmeuliza. Mama hayupo tena, baba hayupo tena, na bakuli lile bado naliona mikononi mwangu.

Nini? Tuifute? Nani kasema tuifute? Hebu simama nikuone. Masika iliyopita, upepo ulipomtupa mjomba wenu majini na mtumbwi ukachukuliwa mpaka ng'ambo, nani aliurudisha? Mjukuu wa Kiboko. Aliona ndala ubavuni akasema, "Huu wa akina Nguchiro," akaukokota usiku kucha mpaka hapa. Hakucheka. Nilitaka kumwambia neno, nikashindwa, nikampa maji ya kunywa.

Kopo la rangi lipo nyuma ya mlango. Ndala ya upande wa kushoto imefifia. Nendeni mkaichore upya, na doa la kisigino msilisahau.

Ukijificha nyuma ya alama ya mwenzio, aibu itarudi kukaa kwenye ya kwako.