Jiwe Lililoangukia Beseni

Hapo zamani, lakini si zamani ya mbali, maana simu zilikuwepo na taa za barabarani zilikuwepo, palikuwa na chuo kikubwa chenye polisi wake. Kituo chao kilikuwa kidogo, karibu na lango. Ndani yake alikaa mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kumkamata mtu. Jina lake Mwamvita.

Kazi ya Mwamvita ilikuwa kusoma na kufikiri. Mwanafunzi akiibiwa, askari waliandika maelezo, na maelezo yakaenda mezani kwake. Aliyasoma, akachomeka pini nyekundu kwenye ramani ya chuo, kisha akaangalia pini zinaelekea wapi. Cheo chake kilikuwa mchambuzi wa uhalifu. Askari wenzake walimwita Mtabiri, kwa utani, kwa sababu akisema mwizi atapita hapa, mwizi alipita hapo.

Mwaka huo wizi uliingia bweni la wasichana. Kanga ikapotea kambani. Ikapotea nyingine. Likapotea taulo, kikapotea kipande cha sabuni, likapotea kopo la maziwa ya unga. Ajabu ni kwamba simu zilizoachwa dirishani hazikuguswa. Na kanga zilizochukuliwa zilikuwa zile kuukuu, zilizolainika kwa kufuliwa. Mpya zilibaki kambani.

Nyinyi mliowahi kunyonyesha, najua mmeshanitangulia. Nyamazeni kwanza, msiwaambie wenzenu.

Mkuu wa kituo, Inspekta Mbaruku, alikwenda mezani kwa Mwamvita.

"Mtabiri, nipe huyo mtu."

"Atapita njia ya nyuma ya bweni, afande, kwenye kamba za nguo. Saa nane mchana, wenzake wakiwa darasani."

"Wenzake? Kwani ni mwanafunzi?"

Mwamvita aliitazama ramani. "Ramani haisemi, afande."

"Basi, inatosha. Lusajo, kajifiche huko."

Lusajo alikuwa askari mgeni, mpole, mwenye mwili mkubwa usiopenda mbio. Alijibanza nyuma ya tangi la maji, akangoja.

Saa nane ilipofika, alikuja msichana amekumbatia beseni la nguo, kama mtu anayekwenda kufua. Aliitwa Nyamizi, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akavuta kanga moja kuukuu kambani, akaitandaza juu ya beseni.

"Dada, simama hapo hapo," Lusajo akasema.

Nyamizi hakusimama. Alikimbia, beseni kifuani. Lusajo alimfuata kidogo tu, pumzi ikamwishia. Ndipo akapaza sauti, akaita neno ambalo pale chuoni kila mtu huliitikia bila kuuliza.

"Mwizi. Mwizi huyo."

Mnajua inavyokuwa. Madirisha yakafunguka, milango ikafunguka, na mikono ikaanza kutafuta mawe chini. Wa kwanza kupata jiwe alikuwa Zamoyoni. Huyu Zamoyoni, msichana wa bweni hilo hilo, alikuwa ameibiwa kanga ya marehemu mama yake, kanga aliyokuwa akilala nayo tangu msiba. Akalenga mgongo wa Nyamizi, akarusha.

Nyamizi aligeuka kuangalia Lusajo yuko wapi. Jiwe halikumpata. Liliangukia beseni.

Nguo zikalia.

Hakuna aliyesogea. Mkono wa Zamoyoni ulibaki umeinuka, kama umesahauliwa huko juu. Nyamizi alipiga magoti, akaliweka beseni chini polepole, lakini vidole vyake vilikataa kufunua. Lusajo ndiye aliyefunua. Akatoa kanga. Akatoa shuka. Akatoa kanga nyingine, na Zamoyoni akaitambua, ilikuwa ya mama yake. Chini ya hiyo alilala mtoto mchanga wa kiume, na mguu wake ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Hospitalini, daktari alisema mtoto ataishi. Kama atatembea vizuri, alisema, hilo hawezi kuahidi.

Nyamizi, Lusajo na Zamoyoni wakakaa kwenye benchi nje ya chumba cha mtoto. Inspekta Mbaruku akafika, Mwamvita nyuma yake.

"Mkuu wa chuo anataka jina moja," alisema. "Mwenye kosa ataondoka chuoni, awe askari, awe mwanafunzi. Semeni."

Lusajo akasema, "Nilitumwa kumvizia mwizi. Nikamwona akiiba, nikamwambia asimame, akakimbia. Ningeita nini, afande? Ningeita shangazi? Mimi sikurusha kitu."

Zamoyoni akasema, "Mimi nilirusha. Lakini niliambiwa ni mwizi, na kweli alikuwa na kanga ya mama. Nililenga mgongo wa mtu mzima. Nani hufua mtoto?" Kisha akamgeukia Nyamizi. "Ungeniomba tu hiyo kanga."

"Ningekuomba, ungeuliza ya nini," Nyamizi akajibu.

Naye akasema, "Nimeiba, sikatai. Mtoto hakai bila nepi. Bwenini hawaruhusu mtoto, kwa hiyo kila mchana nilimpeleka kwa mama mmoja nje ya uzio, akalala huko hadi asubuhi, wenzangu wasije wakarudi wakamsikia akilia. Ningesimama, wangefunua beseni, na leo ningekuwa nimefukuzwa. Nilikimbia ili mwanangu awe na mama aliyesoma. Mama gani hapa angesimama?"

Sasa Mwamvita akasema, kwa sauti ndogo, "Mimi nilijua."

Wote wakamgeukia.

"Nilijua tangu kopo la maziwa. Nimelea, naijua kanga inayotafutwa kwa ajili ya mtoto. Lakini ningesema ni mama mwenye kichanga, angefukuzwa kabla ya jioni. Nikataja njia na saa, basi. Nilidhani Lusajo atamleta kimya kimya, nami nimpe nguo za wanangu. Nilinyamaza ili nimwokoe."

"Ungeniambia, nisingeita," Lusajo akasema.

"Angeambiwa yeye, nisingerusha," Zamoyoni akasema.

Nyamizi alimtazama yule mwanamke aliyemjua bila kumwona. Na Inspekta, aliyesema inatosha, alikuwa akitazama viatu vyake.

Ndani ya chumba mtoto akaanza kulia. Wote wakainuka kwa pamoja, kisha wote wakasimama mlangoni, kila mmoja akimwachia mwenzake atangulie.

Mtoto huyo atakua. Siku moja atavua kiatu, aulize mguu wake ulifanywa nini, na nani. Aliyeiba akakimbia? Aliyeita? Aliyerusha? Aliyejua akanyamaza? Au aliyeona inatosha, asiulize zaidi?

Je, nyinyi mnaonisikiliza, mtoto huyo mtamtajia nani?