Wakunga Watatu na Ufunguo Mmoja

Hapo zamani, enzi ambazo mpaka ulikuwa gogo lililolazwa njiani, nchi ya Ndago na nchi ya Chunyu zilipakana katikati ya soko la Kigingi. Wakunga watatu walisomea hapo, darasa moja, mwalimu mmoja, wakafaulu siku moja. Kisha kila mmoja akashika njia yake.

Sikudhani aliajiriwa na serikali ya Ndago. Mshahara wake tarehe kumi haukuiona. Nyamizi aliajiriwa na hospitali ya tajiri, huko huko Ndago, akalipwa mara tatu ya Sikudhani. Kabula alivuka gogo, akaajiriwa na serikali ya Chunyu. Na huko, ndugu zangu, mambo kinyume! Wa serikali ndiye aliyenenepa, wa tajiri ndiye aliyekonda. Kabula akawapita wote wawili. Mikono ile ile, elimu ile ile, mishahara mitatu.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja ya gulio, wakunga wa serikali ya Ndago walikuwa wamegoma wakidai nyongeza. Sikudhani yuko mbele kabisa, sauti imemkauka kwa kuimba. Mara, yowe! Chausiku, muuza vitunguu, ameshikwa na uchungu kando ya gogo, na mtoto ametanguliza mguu.

"Usiende!" wenzake wakamshika kanga ya mabegani. "Ukienda umetusaliti!"

Sikudhani akasikia tena mlio wa yule mwanamke. Akawaachia kanga mikononi, akakimbia.

Alipiga magoti juu ya maganda ya vitunguu. "Usisukume, mama! Bado... bado... haya, sasa!" Taratibu, kwa ujuzi wake wote, akamtoa mtoto. Lakini kimya. Hapumui.

"Kabula!" akaita kuelekea ng'ambo. "Kabula wee!"

Zahanati ya Kabula ilikuwa hatua chache nyuma ya gogo, lakini sheria ya Chunyu ilikuwa kali: mtumishi akitibu nje ya mpaka, kazi hana na kiinua mgongo hana. Kabula alibakiza mwaka mmoja astaafu. Aliruka gogo kama swala! Akampulizia mtoto, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu... mara ya saba mtoto akalia, na soko zima likalia naye.

Furaha haijatulia, damu ya Chausiku ikafunguka. Haizuiliki! Sindano iliyohitajika ilikuwa kwenye kabati la tajiri, na Nyamizi alikuwa kwenye dirisha la hospitali, upande wa pili wa barabara, anaona yote.

"Hajalipa, hatibiwi," bosi wake akasema.

Nyamizi alivunja kabati. Alifukuzwa kazi kabla hajavuka barabara. Akachoma sindano, damu ikakata.

Vigelegele! Bi Nyangeta, mwenyekiti wa soko, akapanda juu ya gunia. "Wafanyabiashara wa pande zote tumejenga chumba cha kuzalishia hapa mpakani. Kinataka mkunga mmoja kati yenu watatu. Nchi zote mbili zitamlipa, na mshahara wake utaupita hata wa Kabula!" Akainua ufunguo.

"Ni wangu," Sikudhani akasema, akashangaa kujisikia. "Nisingemtoa mtoto, mngempulizia nani? Miaka yote nafanya kazi ile ile mnayoshibia, mimi nalala njaa. Na leo wenzangu hawatanisalimia tena."

"Wewe kesho unaamkia kazini, hata wakinuna," Nyamizi akajibu. "Mimi kesho naamkia wapi? Na mama angekufa, mtoto angenyonya kwa nani?"

Kabula akacheka huku machozi yanamtoka. "Aliyetupa gunia si sawa na aliyetupa punje. Nimepoteza kuliko nyinyi wote."

"Punje ya maskini ndiyo chakula chake cha jioni!" Sikudhani akafoka. Kisha akaona damu ya mtoto ingali midomoni mwa Kabula. Anautaka ule ufunguo, na hawa wawili anawapenda.

Bi Nyangeta akamgeukia Chausiku. Mzazi akatikisa kichwa, mtoto yuko titini. "Nina mwanangu na nina uhai. Msiniambie nimchague mmoja kati ya hawa watatu."

Basi ufunguo uko hewani, na viganja vitatu viko wazi. Nanyi mlioketi, semeni msifichane: yule wa mshahara mdogo aliyewaacha wenzake, yule wa mshahara mnono aliyefukuzwa, au yule wa mshahara mkubwa kuliko wote aliyeutupa mwaka mmoja kabla ya kustaafu? Je, ungekuwa wewe, ungemkabidhi nani?