Vibuyu vya Nyamizi

Mwanamke mmoja, Nyamizi, alikuwa na jiko lenye moshi mzuri, na kitongoji kizima kilimletea mbegu za mtama azitundike juu yake zisiliwe na fukusi. Kila mwenye mbegu alimjazia vibuyu viwili, kimoja cha kupanda na kimoja cha akiba. Kisha Nyamizi akavitundika vyote juu ya jiko lilelile, akajiona mjanja.

Mwaka mmoja, mchana kweupe, paa lilishika moto yeye akiwa shambani. Cha kupanda kikaungua, na cha akiba kikaungua. Watu hawakumtukana. Walikwenda kuomba mbegu kwa ndugu zao wa mbali, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

Walipomwamini tena, na kumwamini tena mtu aliyekuunguzia mbegu si jambo dogo, alibadili utaratibu. Mbegu za kila mtu alizitia katika vibuyu vitatu, kila kimoja kinatosha shamba, akavitundika kwenye majiko matatu: lake, la Limi ng'ambo ya mto, na la Holo kule mlimani. Wenye mbegu hawakuhitaji kujua ziko wapi. Walimwendea Nyamizi tu.

Mvua za kwanza zilikuja kwa fujo. Ukuta wa jiko la Nyamizi ukaporomoka, vibuyu vikaanguka na kujaa maji. Mto ukafurika, kwa Limi kukawa hakufikiki. Asubuhi hiyohiyo akaja Kabula, mjane mwenye watoto wanne, jembe begani. Asipopanda wiki ile, mwaka huo hatakula.

"Mama, sijui umeziweka kwa nani," alisema. "Mimi nataka kupanda leo."

 Nyamizi alipanda mlima, Kabula nyuma yake. Holo alikuwepo. Alishusha kibuyu kikavu, kinanuka moshi, akakiweka mikononi mwa Kabula, naye akashukuru na kwenda zake shambani. Nyamizi aliketi palepale chini akalia kwa furaha, mzigo wa miaka umemtoka kifuani. Siku hiyohiyo, kabla ya kuujenga ukuta wake, alikwenda kuomba jiko jingine la kutundikia, majiko yasije yakabaki pungufu ya matatu.

Nanyi mliokabidhiwa kumbukumbu za watu, mkaziweka kwenye mitambo ya mbali wasiyoijua: mtambo mmoja ukizimika leo, na mwenye haja amesimama mlangoni, mtamwambia zimehifadhiwa, au mtampa?