Duma wa Kichuguuni

Paukwa!
Pakawa!
Mbio?
Za duma!
Na duma mlimwona lini?

Mbona kimya? Basi sogeeni, na anayetaka kucheka akacheke nje, maana leo nina hasira.

Hapo kale, mbuga ilipokuwa haina seng'enge, alikuwako Duma na wanawe watatu. Huyu hakuwinda usiku. Aliwinda jua likiwaka, mbele ya macho ya watu, kisha akapanda kichuguuni kutafuta pumzi.

Jirani yake alikuwa Sironka, mfugaji. Usiku mmoja mbuzi akaliwa zizini. Asubuhi Sironka akatoka na mkuki wake, akaangaza macho. Fisi yumo shimoni, amelala. Chui yuko mtini, amejificha. Duma yuko kichuguuni, amesimama.

"Mwizi yule!"

"Mzee Sironka," akasema Duma, "mimi nawinda mchana. Mbuzi wako kaliwa usiku."

"Fisi simwoni. Chui simwoni. Wewe nakuona!"

Akamchukua mwana wa kwanza, akamfunga kamba zizini, ati ndiyo fidia. Mtoto wa duma asiyekimbia haishi. Akafa.

Mbuzi wa pili akaliwa, usiku vilevile. Sironka akatoka na mkuki.

"Mzee Sironka, mimi usiku nalala na wanangu!"

"Fisi simwoni. Chui simwoni. Wewe nakuona!"

Mwana wa pili naye akafungwa kamba, naye akafa.

Nasieku, mke wa Sironka, akachoka kuvumilia. "Baba Resiato, una akili kweli? Usiku nimemsikia fisi kwa masikio yangu, anacheka nyuma ya zizi!"

"Sasa kicheko nitakichoma mkuki?" akajibu yule bwana, na wafugaji wenzake wakaona kasema la maana. Wajinga wakubwa!

Mbuzi wa tatu akaliwa. Safari hii Duma hakungoja. Akashuka kichuguuni, akalala chini mbele ya Sironka.

"Mzee, nimebaki na huyu mmoja. Nichome mimi, umwache yeye."

Sironka akamchoma mama. Kisha akamchukua na mtoto.

Usiku ule alikoroma kwa raha. Kulipokucha, mbuzi wa nne hayupo.

Akatoka mbio na mkuki wake. Fisi haonekani. Chui haonekani. Kichuguu kitupu. Akazunguka, akazunguka, akasimama, hana wa kumchoma.

Nasieku akamtazama. "Panda wewe kichuguuni, Baba Resiato. Angalau tumwone mtu wa kulaumu."

Hadithi yangu naitua hapo, juu ya kichuguu kisicho na mwenyewe. Funzo lake ni hili: tulimmaliza asiyejificha, tukamwachia zizi anayejificha, na mpaka leo tunajiita walinzi. Mnaona aibu? Vizuri, oneni.

Na wewe unayesinzia pale nyuma, amka ukahesabu mbuzi wako. Fisi keshapita.