Taa ya Chumba Namba Nne

"Kikao cha Dharura cha Wapangaji Kujadili Mwanga Uliopitiliza Katika Chumba Namba Nne, Pamoja na Mengineyo." Hicho, ndugu zangu, ndicho kichwa cha tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa choo cha nyumba moja ya kupanga, mahali ambapo kila mpangaji angelisoma hata asipotaka. Lilikuwa na muhuri.

Nyumba ile ilikuwa na vyumba sita na mita moja ya umeme wa LUKU. Aliyewahi kuishi hivyo hahitaji maelezo. Wote walichanga sawa, na yuniti zilipoisha kabla ya wakati, kila mtu alimtazama jirani yake kwa jicho la pembeni.

Mwenyekiti wa umeme alikuwa karani mstaafu. Ofisi ilimwachia aende, yeye hakuuachia muhuri. Na katika chumba namba nne alikaa fundi cherehani, mama wa watoto watatu, aliyeshona sare za shule kwa cherehani ya miguu. Mwezi ule alijibana kwenye mboga wiki mbili, akanunua taa ya LED. Alipoiwasha, mwanga ulipenya chini ya mlango, ukavuka ukumbi, ukafika mpaka kwenye ndoo za majirani. Yuniti za mwezi zikaisha tarehe kumi na tisa, ikabidi watu wachange tena. Wewe ungemshuku nani?

Kikao kilifanyika Jumamosi mchana. Akidi ilitimia, maana mvua ilikuwa inanyesha na hapakuwa na pa kwenda.

"Fundi," mwenyekiti alianza, "chumba chako kinawaka kama uwanja wa mpira."

"Shikamoo mzee. Taa ile ni wati tisa tu. Imeandikwa kwenye boksi."

"Boksi halina macho. Mimi ninayo."

"Mwenyekiti ana hoja," muuza mihogo wa chumba namba mbili akadakia. "Juzi nimechambua mchele kwa taa yako, dada, na mlango ulikuwa umefungwa."

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Azimio lilikwisha kuandikwa hata kabla ya kikao: ama taa itolewe, ama achange mara mbili. Mara mbili hakuwa nayo. Na kabatini zilimsubiri sare thelathini na mbili, kitambaa cha bluu iliyokolea, uzi wa bluu iliyokolea, shule zinafunguliwa baada ya siku tisa. Taa ikitoka, sare hazishoneki. Sare zisiposhonwa, kodi haipo. Na kodi isipokuwepo, chumba namba nne kitapata mpangaji mwingine.

Akasimama. "Mwenyekiti, hapa kila mtu anashuhudia kwa macho. Lakini yupo anayehesabu, na hakuitwa kikaoni. Twende tukamuulize mita."

Mita ya nyumba ile ina kitaa kidogo chekundu. Umeme ukiliwa sana, kinakonyeza haraka. Ukiliwa kidogo, kinakonyeza kwa uvivu. Mwenyekiti alipinga mpaka alipoona kwamba jambo hilo linaweza kuitwa Ukaguzi wa Pamoja. Akaliandika, akaridhia.

Wakazima kila kitu, friji, redio, hata chaja za simu. Wakawasha taa ya fundi peke yake. Kitaa kikakonyeza mara moja. Wakasubiri. Dakika mbili. Nne. Mwenyekiti akaigonga mita kwa kalamu.

"Imekufa hii."

"Haijafa, mzee," akasema muuza mihogo. "Haina cha kuhesabu."

Karibu na dakika ya saba, kikakonyeza tena.

"Sasa tuzime yangu," fundi akasema, "tuwashe ya kwako."

Mwenyekiti akatabasamu kwa huruma. Yake ilikuwa globu ya zamani ya wati mia, imegandwa na moshi wa mafuta na alama za nzi, mwanga wake rangi ya chai ya jana. Kwa kuwa kabati la majalada lilikuwa limeziba dirisha, ilikaa inawaka kutwa nzima. Hakuna aliyewahi kuishuku, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona.

Ikawashwa. Kitaa kikakonyeza. Wakaanza kuhesabu kwa sauti, na kabla hawajafika arobaini kikakonyeza tena. Na tena.

"Mzee," fundi akasema taratibu, "isogezee mkono."

Akausogeza, akaurudisha haraka. "Ya moto."

"Ndiyo. Yuniti zetu ziko hapo. Zimetupikia hewa."

Sasa ndugu zangu, tusimcheke mzee wa watu haraka hivyo. Sisi je? Tukiona nyumba ya jirani inang'aa, si tunaulizana anakula wapi? Ni mara ngapi tumemweka kikaoni mtu anayetoa mwanga mwingi kwa riziki ndogo, na waliokaa kumhukumu ndio wanaokula? Hata humu kanisani tuna wati mia, mimi nikiwemo pengine: tukiingia kwenye kamati watu wanatoka jasho, lakini hakuna anayeona njia. Kazi ya taa ni mwanga. Joto ni gharama.

Na tusibaki hewani na maana za kiroho peke yake. Leo tukifika nyumbani tutazame darini. Ile globu inayounguza vidole, tuibadilishe. Tukibana kwenye taa, watoto hawatabanwa kwenye mboga.

Muhtasari wa kikao kile upo, una muhuri. Unasema: "Wajumbe waliipongeza ofisi ya mwenyekiti kwa ufuatiliaji wa karibu, na suala likafungwa." Kilichotokea ni hiki: Jumatatu mwenyekiti alinunua taa ya LED, fundi akapanda kwenye stuli akamfungia, sare thelathini na mbili zikavaliwa siku ya kufungua shule, na mwezi uliofuata yuniti zilifika tarehe thelathini na nyingine zikabaki.